Herufi Zilizomwagika Njiani

Mwaka 1787 mwenye gazeti mmoja aliwaomba radhi wateja wake kwa sababu herufi zake zilimwagika njiani. Zilimwagika kweli, si kwa mafumbo. Zilikuwa herufi za kupigia chapa, za madini ya risasi, kila moja kipande chake kidogo, zimefungashwa na kupakiwa kwenye migongo ya farasi kutoka bandari ndogo ya mtoni iliyoitwa Limestone hadi kijimji cha Lexington, mwendo wa kilomita kama 100 za msitu, vilima na matope. Zilipofika zilikuwa zimevurugika kama mchele uliomwagiwa choroko. Mwenye gazeti, John Bradford, akaongeza kwamba mwenzake, ambaye ndiye msaidizi pekee aliyekuwa naye, alikuwa anaumwa na kwa siku kumi hakuweza kumpa msaada hata kidogo. Basi mniwie radhi, jamani, gazeti limetoka lilivyotoka.

Niliposoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani hadi mzee wa meza ya pili akanitazama. Naishi Lexington hiyohiyo, ile ya Kentucky, Marekani, mwaka wa sita sasa. Wasiojua watashangaa, lakini Kiswahili ni miongoni mwa lugha za kigeni zinazosikika zaidi katika mji huu, kwa sababu ya ndugu zetu wengi waliotoka Kongo. Ukingoja basi asubuhi utasikia mama wa Uvira anamgombeza mtoto kwa Kiswahili chao kitamu, nawe Mswahili wa Tanga unasimama kando ukijifanya hujaelewa. Maktaba ya mji inatunza matoleo ya zamani ya gazeti la Bradford. Nilianza kuyasoma kwa sababu ya baridi tu. Januari ya huku haina pa kwenda.

Kilichonibakiza pale si gazeti. Ni kugundua kwamba kabla ya kupiga chapa, huyu bwana alikuwa mpima ardhi. Na mimi nimelelewa na mpima ardhi.

Baba yangu mdogo alipima viwanja na mashamba upande wa Muheza na Korogwe. Likizo za shule alinichukua nimshikie ncha ya mkanda wa chuma na kumfyekea njia kwa panga. Nilijua bikoni, yale mawe ya mpaka, kabla sijajua aljebra. Usiku tukirudi alikuwa akikagua daftari lake kwa taa ya chemli na kuniambia, "Mwanangu, mkanda ukilegea hapa, kesi inaanza kule." Miaka mingi baadaye nikanunua kiwanja, nikalipa, nikapewa karatasi yenye mhuri, kisha nikakuta mwenzangu ana karatasi ya kiwanja hichohicho yenye mhuri uleule. Sitasema ni wapi. Nasema tu kwamba nilipofika kwenye habari za ardhi za Kentucky ya miaka ile, sikuhitaji kamusi.

Bradford alizaliwa Virginia mwishoni mwa miaka ya 1740. Alivuka milima kuingia Kentucky mwaka 1779, wakati eneo lote lilihesabiwa kuwa wilaya ya mbali ya Virginia, akawa mpima msaidizi chini ya George May, mpima mkuu wa Wilaya ya Kentucky. Mwaka huohuo wa 1779 Virginia ilikuwa imetunga sheria yake ya ardhi, na sheria hiyo, kwa maoni yangu, ilileta misiba mingi kuliko bunduki. Mtu aliyekuwa amefanya makazi kabla ya mwaka 1778 aliweza kudai ekari 400, pamoja na haki ya kwanza ya kununua nyingine 1,000 zinazopakana nazo. Ambaye hakuwa na makazi alinunua hazina ya serikali cheti cha kudai ardhi, pauni 40 kwa kila ekari 100, tena kwa noti ambazo thamani yake ilikuwa inayeyuka kila mwezi. Akishapata cheti, alikwenda ofisi ya mpima kuandikisha kipande alichokitaka. Kisha kipimwe. Kisha makaratasi yapelekwe Richmond ng'ambo ya milima, na hati itoke.

Sasa angalia tundu lilipo. Serikali haikuwa imepima nchi yenyewe kwanza. Hapakuwa na ramani ya pamoja ambayo mtu angeangalia aone kipande hiki kimeshachukuliwa. Kila mwenye cheti alijichagulia pake, akaanza pale alipopenda, akapeleka mistari alikotaka. Andikisho moja linataja kijito, jingine linataja chemchemi, jingine mti uliochorwa herufi mbili kwa kisu. Na mtu wa pili akija na cheti chake, ataanzia kwenye chemchemi nyingine na mstari wake utapita katikati ya shamba la wa kwanza bila yeyote kujua hadi siku ya kujenga ua. Huku wana neno lao la hali hiyo, wanafananisha na vibao vya kuezekea paa jinsi vinavyolaliana. Sisi tungesema hati zilipandana kama makuti.

Kazi yenyewe porini ilikuwa hivi. Mpima alikuwa na dira juu ya mkongojo wa mguu mmoja. Alikuwa na washika mnyororo wawili, na mtu wa shoka aliyetia alama miti. Mnyororo uliofaa msituni ulikuwa wa futi 33, yaani vijiti viwili vya kipimo cha futi 16 na nusu kila kimoja. Pete za chuma zinavutika zikitumika sana. Kwenye mteremko, asiyeinua ncha yake hadi mnyororo ulale sawa anapima mgongo wa kilima badala ya ardhi. Dira nayo inafuata kaskazini ya sumaku, ambayo si kaskazini ya kweli na inahama kidogokidogo miaka inavyokwenda. Pembe za shamba zilikuwa miti. Ukisoma hati za wakati ule unakutana na mti wa sukari, mti uitwao "blue ash", mti uitwao "hickory" wenye matawi mawili. Mti ukianguka kwa upepo, pembe ya shamba imeanguka nayo.

Nilikuwa nasoma hayo huku nikisikia sauti ya baba mdogo: inua, inua, inua ncha yako!

Daniel Boone, yule shujaa wa msituni ambaye kila mtoto wa hapa anamjua, naye alikuwa mpima msaidizi, na ardhi zake mwenyewe zikamponyoka mikononi kwa kesi na madeni hadi akaihama Kentucky. Thomas Lincoln, baba yake Abraham, alichoshwa na migogoro ya hati akavuka mto Ohio mwaka 1816 kwenda Indiana. Ng'ambo ile serikali kuu ilikuwa imeipima nchi kabla ya kuiuza, kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba vipande 36. Ukipita juu kwa ndege mchana unaiona tofauti hiyo hadi leo. Kaskazini ya mto mashamba mengi yamekaa kama daftari la hesabu, kusini yake yamekaa kama kanga iliyokunjwa na mtoto.

Lakini nimeruka mwaka 1780, na huo haurukiki.

Mwezi Juni mwaka ule, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa bado vinaendelea, Kapteni Henry Bird wa jeshi la Uingereza alishuka kutoka upande wa Detroit na wapiganaji wengi wa Kishawnee na mataifa mengine ya wenyeji wa asili, pamoja na mizinga. Nyumba za magogo zilizozungushiwa boma zilikuwa zinazuia risasi, mizinga hazikuizuia. Maboma mawili, la Ruddle na la Martin, yalisalimu amri, na mamia ya watu wakachukuliwa mateka. George Rogers Clark, kamanda wa upande wa Kentucky, akataka watu wa kwenda kulipiza. Alipofika Harrodsburg aliwakuta wanaume wengi kweli, lakini wote wamejazana kwenye ofisi ya upimaji ya George May, kila mmoja na cheti chake mkononi, na hakuna aliyekuwa na habari ya vita. Clark akaamuru ofisi ifungwe. Bila foleni ya ardhi, watu wakapatikana.

Hiyo ndiyo ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi Bradford. Nafikiria hali ya kijana wa upimaji anayefungiwa daftari lake mchana, na jioni yumo kwenye orodha ya bunduki. Alikwenda. Karibu watu 1,000 walivuka mto Ohio mwanzoni mwa Agosti, wakapanda kaskazini hadi Chillicothe, mji wa Washawnee kwenye mto Little Miami. Wenyeji walikuwa wamejua, wakauchoma wenyewe wakaondoka. Clark akasonga mbele hadi Piqua, na tarehe 8 Agosti wakapigana. Katika vita hivyo Joseph Rogers, binamu yake Clark aliyekuwa mateka wa Washawnee na amevaa kama wao, alitoka mbio kuwakimbilia ndugu zake na akapigwa risasi. Kisha jeshi likafanya kazi iliyokuwa shabaha yake tangu mwanzo. Likakaa kufyeka mahindi, mamia ya ekari, yakiwa mashambani na mabichi, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuvunwa.

Aliyelima atanielewa. Kuchoma nyumba ni jambo moja, nyumba za magome hujengwa tena wiki chache. Mahindi yakifyekwa Agosti, hakuna mahindi hadi mwaka mwingine, na baridi ya huku nimeshaieleza. Washawnee walihama, wakajenga Piqua mpya kwenye mto mwingine, mbali zaidi.

Mara nyingi wasifu wa Bradford huandikwa kana kwamba alikuwa na maisha matatu yaliyofuatana, askari, mpima, mpiga chapa. Mimi nauona mkono mmoja. Kwanza unamwondoa mtu. Halafu unapitisha mnyororo pale alipokuwa. Halafu unahitaji karatasi itakayosomwa na watu wengi ili mstari ule usimame. Washawnee nao walikuwa na mipaka yao, ila haikuwa ya kupigwa chapa.

Aliileta familia yake Kentucky mwaka 1785, wakakaa Cane Run, karibu na Lexington. Wakati huo watu walikuwa wakikutana katika mji wa Danville kwa mikutano mirefu kujadili kujitenga na Virginia, na hoja mojawapo ilikuwa ardhi. Hati zinatoka mbali, kesi zinakatiwa rufaa mbali, mwananchi anavuka milima kwa ajili ya mhuri. Mkutano ukaona kwamba umma hautakuwa na kauli moja bila gazeti. Wakatafuta mpiga chapa wa kuja huku, wakamkosa. Bradford, ambaye hakuwa amejifunza kazi hiyo hata siku moja, akasema nitafanya mimi, mradi mniahidi kazi za umma.

Wadhamini wa mji wakampa kiwanja bure mwaka 1786. Akamtuma ndugu yake, Fielding, aende mji wa Pittsburgh akajifunze kwa mpiga chapa John Scull, ambaye gazeti lake lenyewe lilikuwa changa. Mtambo na herufi vikashuka mto Ohio kwa mashua ya tumbo bapa hadi Limestone, na kutoka hapo farasi, na yaliyotokea kwa herufi nimeyasema. Tarehe 11 Agosti 1787 gazeti likatoka. Aliliita "Kentucke Gazette", na e mwishoni. Herufi kubwa zilizokosekana alizichonga mwenyewe kwa mti mgumu wa msituni.

Kuzipanga upya herufi zilizovurugika si mchezo. Herufi ya chapa imegeuzwa kama kwenye kioo. Kidole kinashika kipande chembamba kuliko njiti ya kibiriti, unakisoma kinyumenyume, b au d, p au q, n au u, unakirudisha kwenye chumba chake, unashika kingine. Maelfu. Na mwenzako amelala na homa. Zikishapangika unazikaza kwenye fremu, unazipaka wino kwa vifurushi vya ngozi, unalaza karatasi iliyoloweshwa kidogo, unavuta wenzo. Upande mmoja, karatasi moja. Karatasi yenyewe ililetwa kutoka mbali hadi mwaka 1793 kilipopatikana kiwanda cha karatasi Kentucky. Mlipaji asiye na fedha, na fedha ilikuwa adimu, aliweza kulipa kwa mazao, nyama, nafaka, hata wiski.

Habari za humo ndani mara nyingi ni kuukuu. Yaliyotokea Ulaya yanafika baada ya miezi. Mimi husoma matangazo. Farasi kapotea, ana doa jeupe pajini. Fulani anaonya watu wasinunue ardhi kwa fulani. Mwingine anatangaza kwamba atakuwa kwenye kijito fulani siku fulani kuonyesha pembe za shamba lake, mwenye pingamizi aje. Nilipoliona hilo nilikaa kimya muda mrefu. Ningekuwa nalo gazeti lile mwaka niliponunua kiwanja changu!

Yamo matangazo mengine pia. Mtu mweusi katoroka, jina lake hili, urefu wake huu, kovu lake liko hapa, atakayemrudisha atapewa kiasi hiki. Yamepangwa kwa herufi zilezile, safu ileile na farasi aliyepotea, na Bradford alipokea fedha ya tangazo kama ya farasi. Nimejaribu kuyasoma haraka nikashindwa. Anayeyasoma ni Mwafrika aliyekuja mji huu kwa ndege na viza, na bado mkono unakuwa mzito kugeuza ukurasa.

Mwezi Machi 1789 jina la gazeti likabadilika, ile e ikawa y. Sababu yake inanifurahisha. Bunge la Virginia lilikuwa limetunga sheria kwamba matangazo fulani ya kisheria yachapishwe katika gazeti la Kentucky, na sheria ikaliandika neno hilo kwa y. Bradford hakutaka mtu aje kudai mahakamani kwamba tangazo lilichapishwa kwenye gazeti jingine. Huyo si mwandishi, huyo ni mpima. Anajua kesi inazaliwa kwenye herufi moja.

Baada ya hapo mambo yake yalikwenda vizuri, na mambo yakienda vizuri hayana hadithi ndefu. Kentucky ikawa jimbo la 15 tarehe 1 Juni 1792, yeye akawa mpiga chapa wa serikali, akachapa sheria za kwanza za jimbo. Alishachapa almanaka ya mwaka 1788. Gazeti akaja kumwachia mwanawe Daniel mwaka 1802. Akawa mwenyekiti wa wadhamini wa Chuo Kikuu cha Transylvania. Watu wakambandika jina la Mzee Hekima, wakimpelekea ugomvi wao aamue. Kuanzia 1826 hadi 1829 aliandika gazetini mfululizo wa sehemu 62 kuhusu siku za kwanza za Kentucky, na safari ile ya Piqua imo, inasimuliwa kama mambo ya vita yanavyosimuliwa na upande ulioshinda.

Alifariki Machi 1830 akiwa sherifu wa Wilaya ya Fayette. Kazi ya sherifu ilikuwa pamoja na kutekeleza hukumu za mahakama, na mahakama za Kentucky bado zilikuwa na kesi za hati zilizopandana. Kwa hiyo mzee wa miaka 80 hivi, aliyeanza kwa kuchora mistari, alimaliza kwa kupeleka makaratasi ya kuwaambia watu wako upande usio wao wa mstari.

Nyumba aliyoishi uzeeni ilikuwa kona ya mtaa wa Mill na mtaa wa Second. Ilibomolewa mwaka 1955 ipatikane nafasi ya kuegesha magari. Wenyeji wakachukia, wakaunda chama cha kuhifadhi majengo ya kale, na chama hicho kikaiokoa nyumba ya Hunt-Morgan iliyoko jirani. Hiyo ipo mpaka leo, nzuri, ya matofali. Nilikwenda kona ile Jumapili moja nikahesabu hatua zangu bila sababu ya maana, tabia niliyoachiwa utotoni.

Jioni yake nikampigia simu baba mdogo. Ana miaka 84, masikio bado mazima. Nikamsimulia yote, herufi zilizomwagika, mahindi, ofisi iliyofungwa, ile e na y. Akasikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikadhani ataniuliza habari ya dira au ya mnyororo wa futi 33.

"Walioshika mnyororo," akasema, "wameandikwa?"

Nikamwambia wameandikwa. Kwenye rekodi za upimaji za Kentucky, chini kabisa baada ya pembe zote na miti yote, washika mnyororo wawili wanatajwa kwa majina, na mtu wa shoka anatajwa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama kule kwetu, kwenye madaftari yake, mimi aliniandika. Nikamwambia sikumbuki, baba, nilikuwa mtoto. Akasema ngoja, akaweka simu mezani bila kuikata, nikamsikia anavuta sanduku uvunguni mwa kitanda.